Afya Yako: Chunjua za Sehemu za Siri Zikirudi Baada ya Leza

Mgonjwa amelipia matibabu ya leza, ngozi imepona, kisha baada ya miezi miwili chunjua zimeota tena palepale. Swali la kwanza nyumbani huwa: nani ametoka nje ya ndoa? Huenda hakuna aliyetoka.

Chunjua hizi huletwa na virusi vya papiloma, yaani HPV. Aina zake ni nyingi, lakini nambari 6 na 11 ndizo husababisha takriban asilimia 90 ya chunjua za sehemu za siri. Leza huunguza kile kinachoonekana. Ngozi ya kando, hata ikionekana safi kabisa, yaweza kuwa na virusi ambavyo mwale haukuvifikia. Ndiyo sababu chunjua zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Tena virusi hivi huweza kujificha mwilini kwa miezi, hata miaka, kabla ya chochote kuota, hivyo ni vigumu kujua vilitoka kwa nani na lini.

Je, leza haifai? Inafaa, hasa chunjua zikiwa nyingi au kubwa, ama dawa ya kupaka ikishindwa. Lakini si leza, si kugandisha kwa baridi kali, si kuchoma kwa umeme kunakoondoa virusi vyenyewe. Kazi hiyo ni ya kinga ya mwili, na kwa wengi huifanya polepole. Anayekuahidi kwamba ukilipa mara moja hutaziona tena anakuuzia maneno. Muulize kwanza gharama ya kurudia. Ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano anayeishi na VVU bila kutumia dawa, hurudiwa zaidi.

Mama mjamzito amweleze mhudumu hali yake mapema, kwani dawa ya kupaka ya podofilini haitumiwi wakati wa ujauzito.

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa hasa na aina 16 na 18, si 6 na 11. Hata hivyo mtu mmoja aweza kuwa na aina kadhaa, kwa hivyo mwanamke asiache kupimwa. Kondomu hupunguza maambukizi ingawa haifuniki ngozi yote. Oktoba 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV. Chanjo hiyo hukinga. Haitibu chunjua zilizokwisha kuota.