Mvumo wa Masikio

Ukipita jioni penye mashine ya kusaga mahindi pale Tukuyu, utawaona watu wakisemezana kwa mikono. Sauti ya kinywa haisikiki, hata kwa aliye karibu. Kijana akingaye unga husimama hapo tangu asubuhi. Alalapo usiku, mashine imezimwa na mvua imekatika, naye bado husikia mlio mwembamba kama wa nyenje. Hutazama dirishani, hutazama darini, nyenje hayupo. Mlio umo masikioni mwake mwenyewe.

Wako wasemao kwamba sikio likivuma, kuna mtu anayekusengenya. Kama ndivyo, basi wasagaji wa unga wana maadui wengi kupita watu wote! Na tutazame sikio lenyewe.

Sauti huingia katika tundu la sikio na kupiga kiwambo, nacho hutikisika kama ngozi ya ngoma. Nyuma yake mna vifupa vitatu, vipelekavyo mtikisiko huo mpaka katika kijumba kilichojikunja mfano wa nyumba ya konokono. Humo mna maji, na chembe zenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Katika kila sikio zapata 15,000. Maji yakivitikisa vinyweleo, habari hupita katika mshipa wa fahamu mpaka katika ubongo, nasi twasikia.

Makelele makubwa huvilaza vinyweleo kama upepo ulazavyo mpunga. Vikipumzika huinuka, ndiyo sababu baada ya ngoma ya arusi masikio huvuma usiku, na kesho yake yamenyamaza. Lakini vikipigwa kila siku chembe hufa, na chembe hizo zikifa kwa mwanadamu hazioti tena. Mlio watoka wapi, basi? Wataalamu wengi hudhani kwamba ubongo ni kama mama amngojeaye mtoto aliyechelewa usiku. Habari zisipokuja, hutega sikio zaidi na zaidi, hata akasikia hatua za miguu pasipo mtu.

Kipimo chake ni chepesi. Mwenzako akiwa umbali wa mkono mmoja, nawe huna budi kupaza sauti ili akusikie, makelele ya mahali hapo yanadhuru. Afanyaye kazi hapo hana budi kuvaa vifuniko vya masikio, na kutoka nje mara kwa mara. Pamba ya kawaida haitoshi.

Sababu nyingine ni nta iliyojaa sikioni, usaha, na uzee. Tena kuna dawa. Wazee wa bondeni, upande wa Kyela na Ziwa Nyasa, ambako mbu ni wengi kuliko huku juu, waliujua sana mvumo wa kwinini. Dawa hii yatoka katika gome la sinkona, mti wa Amerika ya Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga katika gome hilo mwaka 1820. Wajerumani waliupanda mti huo Amani, katika Usambara, na wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918 magome yake yalichemshwa kuwa dawa chungu ya askari. Anywaye kwinini nyingi husikia masikio yakivuma. Dawa ikitoka mwilini, kwa kawaida mvumo hukoma. Aspirini nyingi hufanya vivyo hivyo. Sindano za streptomisini, zilizotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, ni kali zaidi: ziliweza kuziua chembe zenyewe, hata mgonjwa akapona kifua na kupoteza masikio. Kwa hiyo mtu akitumia dawa na masikio yakaanza kuvuma, asinyamaze, wala asiiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Amwambie daktari upesi.

Mvumo ukikawia, au ukiwa wa sikio moja tu, au ukienda pamoja na mapigo ya moyo, nenda hospitali, kama ile ya Makandana. Ikiwa ni nta, itatolewa, na huenda mvumo ukaisha siku ile ile. Usichokoe kwa njiti ya kiberiti wala kwa unyoya wa kuku. Huisukuma nta ndani na kuweza kutoboa kiwambo.

Mvumo utokao katika chembe zilizokufa hauna dawa ya kuuondoa. Hata hivyo wenye mvumo huo hupata nafuu wakilala penye sauti ndogo, kama redio iliyopunguzwa au mvua juu ya mabati, maana ubongo hupata kitu kingine cha kusikiliza.