Kabureta na Hewa ya Milimani

Mganga mmoja wa zahanati alinunua pikipiki kuukuu Dar es Salaam. Akaipanda kwenda Iringa. Mpaka Ruaha Mbuyuni ilikwenda vizuri. Alipoanza kupanda mlima Kitonga, ikakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Siku nyingine alikuwa amebeba chanjo za watoto. Injini ikazimika njiani. Barafu ikaanza kuyeyuka sandukuni.

Fundi alimwambia anunue kabureta mpya. Je, ilikuwa lazima?

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla hazijaingia katika injini. Petroli hupimwa na tundu dogo liitwalo jeti. Tundu hilo halibadiliki, lakini hewa hubadilika. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Mahali ambapo injini ilivuta debe 5 za hewa pwani, Mbeya ni kama kuvuta debe 4 tu. Petroli haipungui kiasi hicho. Basi inazidi, haiungui yote, na moshi unakuwa mweusi. Ni kama jiko lililojazwa kuni likakosa hewa.

Fungua plagi uitazame. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni chache. Pengine jeti imeziba. Ikiwa na rangi ya udongo mwekundu uliofifia, usiguse kitu.

Usiulaumu mlima upesi. Kwanza tazama kama choki imefunguka. Kisha safisha chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu hulijaza haraka, na likijaa, hata pwani moshi utakuwa mweusi.

Halafu funga petroli, ufungue kikombe cha chini cha kabureta. Fanya kazi hii nje, mbali na sigara na kibatari. Mwaga maji na uchafu. Jeti ipulize kwa pampu ya baiskeli. Usiichokonoe kwa waya! Waya hupanua tundu. Jeti ya mganga yule ilikuwa imechokonolewa hivyo.

Alinunua jeti tu, yenye tundu dogo kidogo kuliko ile ya pwani. Anayeshuka tena pwani hana budi kurudisha jeti ya kule, kwa sababu petroli ikiwa chache injini huchemka na pistoni huweza kutoboka.

Maswali
1. Kwa nini moshi ulikuwa mweusi Kitonga?
2. Waya huharibu nini?
3. Plagi ya pikipiki ya kijijini kwenu ina rangi gani?