KOMPYUTA YA KIKUNDI: TUIZIME AU TUIACHE IWAKE?



Siku hizi kompyuta si kitu cha Mombasa na Nairobi peke yake. Hapa pwani ya kusini, kuanzia Diani na Msambweni hadi Shimoni na Wasini, utaikuta shuleni, zahanatini, na kwenye vikundi vinavyoweka hesabu za akiba. Kamati za BMU nazo, zilizowekwa chini ya kanuni za mwaka 2007, zina kazi ya kuweka kumbukumbu za samaki wanaovuliwa. Katika somo hili tutajibu swali moja ambalo huleta ubishi: kazi ikiisha jioni, kompyuta ya mezani izimwe au iachwe iwake mpaka kesho?

1. Wanaosema iachwe wana sababu gani?

Wanasema kuwasha na kuzima kila siku kunaichosha mashine. Maneno haya yana chanzo chake. Vyombo vikipata joto na kupoa mara kwa mara hutanuka na kusinyaa, na diski ya aina ya zamani huanza kuzunguka upya kila ikiwashwa. Lakini tupige hesabu. Diski hizo zilitengenezwa zihimili kuwashwa na kuzimwa maelfu mengi ya mara. Ukiiwasha mara mbili kwa siku, siku 250 za kazi, hiyo ni mara 500 kwa mwaka. Hata ingehimili mara 10,000 tu, ni miaka 20! Kompyuta yenyewe itakuwa imepitwa na wakati zamani. Na diski za kisasa hazina kitu kinachozunguka ndani kabisa.

2. Umeme unaokwenda bure

Tuchukulie kompyuta na skrini yake zinakula wati 80. Ofisi ikifungwa saa kumi jioni na kufunguliwa saa mbili asubuhi, ni saa 16 ambazo hakuna mtu. Ukijumlisha na Jumamosi na Jumapili, kwa wiki moja ni saa 128. Zidisha kwa wati 80, utapata zaidi ya yuniti 10. Kwa mwaka zinapita yuniti 500. Haba na haba hujaza kibaba, na pia ndivyo kibaba kinavyokwisha.

Kwa anayetumia umeme wa jua kisiwani jambo ni zito zaidi. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, na betri ya maji ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, la sivyo inakufa mapema. Zinabaki 600. Kompyuta ile ya wati 80 itazimaliza kabla ya saa nane kupita. Yaani ukiiacha jioni, usiku wa manane betri imekauka na asubuhi hakuna cha kufanyia kazi. Watu wa Wasini wanaelewa vizuri: nani ataacha mfereji wa birika la maji ya mvua wazi usiku kucha?

3. Chumvi, vumbi na joto

Ndani ya kompyuta kuna feni inayovuta hewa ili kuipoza. Hewa yetu ina chumvi na unyevu wa bahari. Kadiri feni inavyozunguka, ndivyo vumbi na chumvi vinavyoingia na kula vyuma. Lakini sikiliza na upande wa pili: kompyuta iliyokaa miezi bila kuwashwa nayo huharibika kwa unyevu. Basi izime kila jioni, ila usiisahau. Ofisi ikifungwa kwa muda mrefu, mtu apite aiwashe angalau saa moja kwa wiki. Ukiifunika, tumia kitambaa, na ungoje ipoe kwanza.

4. Hatari kubwa kuliko zote

Umeme unaweza kurudishwa, lakini je, kumbukumbu? Fikiria kikundi cha akina mama 30, akiba yao ya miaka mitatu imeandikwa humo. Kompyuta imeachwa inawaka, hesabu iko wazi kwenye skrini. Usiku umeme unakatika ghafla, au unarudi kwa nguvu kupita kiasi. Faili linaweza kuharibika, na hata diski kufa. Mwisho wa mwaka mama anasema ameweka elfu kumi na mbili, daftari halipo, mweka hazina hana la kuonyesha. Hapo kinachovunjika si mashine, ni uaminifu. Tena kompyuta iliyo wazi inasomwa na yeyote anayepita.

5. Namna ya kuizima

(a) Hifadhi kazi yako, na uweke nakala kwenye flashi inayotunzwa nyumba nyingine.
(b) Funga programu zote, kisha chagua kuzima kwenye skrini. Usichomoe waya, wala usibonyeze swichi kwa nguvu. Ikisema inajisasisha, ngoja.
(c) Taa ikizimika, zima skrini, printa na UPS, halafu soketi. Wakati wa ngurumo za masika, chomoa plagi kabisa.

Kompyuta nyingi zenye Windows 8 na za baadaye hazijizimi kikamilifu zikizimwa. Huweka sehemu ya kazi zake ili ziwake haraka. Kwa hiyo ikianza kuwa nzito, chagua kuanzisha upya, si kuzima tu.

Ukienda kula mchana, hakuna haja ya kuizima, ilaze. Ikilala inakula wati chache tu. Lakini hifadhi kazi kwanza, maana umeme ukikatika mashine ikiwa imelala, kisichohifadhiwa kimepotea. Zile picha zinazochezacheza kwenye skrini haziokoi umeme hata kidogo. Na ikiwa kuna kazi ya usiku, kama kupakua faili kubwa, iache, ila zima skrini.

Mvuvi akifunga chombo huzima mashine ya boti. Nasi tufanye vivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI
1. Nani kati yetu ana jukumu la kuzima kompyuta jioni? Akikosekana, ni nani?
2. Nakala ya hesabu zetu iko wapi, na iliwekwa lini mara ya mwisho?
3. Kompyuta ikifa leo usiku, kesho tutamwonyesha mwanachama nini?