Mshale Ucheze Kwanza

Swali: Mhadhiri wa uhandisi mjini Nyeri anasema wanafunzi wake wa mwaka wa pili wanaikariri milinganyo ya Maxwell bila kuielewa. Aanzie wapi?

Jibu: Kwa jaribio la Faraday la 1831. Alama ya nabla na ndugu zake wasubiri kidogo, hawatakimbia.

Kila kikundi kipewe koili, sumaku na galvanomita. Sumaku ikiingizwa kwenye koili, mshale wa galvanomita unacheza. Ikishikiliwa tuli ndani ya koili, mshale unarudi kwenye sifuri. Hapo wengi hushangaa, kwani walidhani sumaku yenye nguvu inatosha. Kumbe kinachozaa umeme ni badiliko. Sumaku ikichomolewa, mshale unaruka upande wa pili, kwa sababu mkondo hupinga badiliko lililouzaa. Ndiyo ile alama ya kutoa kwenye mlinganyo wa Faraday ambayo wanafunzi huisahau kila mtihani.

Kisha darasa litoke kuiona kanuni hiyo hiyo kazini. Kwenye Mto Gura, katika Kaunti ya Nyeri, shirika la chai la KTDA lina kituo cha umeme kinachohudumia viwanda vya chai. Kabla ya kupanda matatu, wanafunzi wapige hesabu: umeme wa Kenya ni wa hezi 50, basi jenereta yenye ncha sita za sumaku izunguke mara ngapi kwa dakika? Jibu ni 1,000. Wakifika, wahesabu ncha za jenereta iliyopo na kurudia hesabu.