Kikuza Sauti cha Hedifoni: Kazi Yake na Mipaka Yake

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wasikie kipindi kilichorekodiwa, kwa mfano mazungumzo ya Kifaransa au hotuba ya kihistoria, mara nyingi hana chombo kingine ila simu ya mkononi au redio ndogo. Katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu, msimu wa mvua huanza yapata Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mvua inapopiga juu ya paa la bati, spika ya simu haisikiki hata kwa mwanafunzi aliyekaa dawati la kwanza. Kwa mwanafunzi asiyeona, ambaye kitabu chake ni sauti, kutosikia ni sawa na kunyang'anywa kitabu.

Hedifoni hupunguza taabu hiyo, kwa kuwa huipeleka sauti karibu na sikio na kuzuia sehemu ya kelele za nje. Hata hivyo, huenda sauti ikawa bado hafifu. Hapo watu hushauri kutumia kikuza sauti cha hedifoni, yaani amplifaya ndogo ya betri iwezayo kuchukuliwa mfukoni. Je, chombo hiki hufanya nini hasa? Na ni wakati gani hakina msaada wowote?

Usikilizaji wa pamoja

Kusikiliza pamoja kwa ajili ya kujifunza si jambo geni nchini Tanzania. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio kwa muda wa majuma 12. Baadaye, mwaka 1995, Redio Kwizera ilianzishwa Ngara, kaskazini mwa Kibondo, ili kuwahudumia wakimbizi na wenyeji wa eneo hilo la magharibi. Katika nyakati zote hizo swali la kifizikia lilikuwa lile lile: nguvu ndogo itokayo katika chombo kimoja itayafikiaje masikio mengi?

Namna kikuza sauti kinavyofanya kazi

Sauti iliyorekodiwa hutoka katika simu ikiwa volteji inayopanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde. Volteji hiyo husukuma mkondo katika koili ndogo iliyomo ndani ya hedifoni. Koili hiyo hukaa karibu na sumaku. Mkondo unapobadilika, koili huvutwa na kusukumwa, nayo hutikisa utando mwembamba. Mtikisiko wa utando ndio sauti tuisikiayo.

Ndani ya kikuza sauti mna transista, kifaa kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947. Tuifananishe na lango la mfereji wa maji. Mtu mmoja kwa mkono wake huinua na kushusha lango, na maji mengi hupita au huzuiwa. Nguvu ya maji haitoki katika mkono wake, bali katika bwawa. Vivyo hivyo, volteji dogo kutoka katika simu huongoza tu. Nishati inayoitikisa hedifoni hutoka katika betri ya kikuza sauti. Betri ikiisha, lango halina maji ya kupitisha.

Hesabu ya hedifoni nne

Tuchukue simu inayotoa volti 1, yenye ukinzani wa ndani wa omu 10. Tuiunganishe na hedifoni moja ya omu 32. Ukinzani wote ni omu 42, kwa hiyo volteji inayoifikia hedifoni ni 32/42, yaani volti 0.76. Kwa kanuni kwamba nguvu ni mraba wa volteji ukigawanywa kwa ukinzani, hedifoni hupata miliwati 18 hivi.

Sasa tuunganishe hedifoni nne sambamba. Ukinzani wao wa pamoja ni 32/4, yaani omu 8. Volteji inayozifikia ni 8/18, yaani volti 0.44. Kila hedifoni hupata miliwati 6.2 tu. Kwa kuongeza wasikilizaji watatu, kila mmoja amebakiwa na theluthi moja ya nguvu ya awali.

Tuweke kikuza sauti kati ya simu na hedifoni hizo nne. Tuseme hakiongezi volteji hata kidogo, bali ukinzani wake wa ndani ni omu 1 tu. Volteji sasa ni 8/9, yaani volti 0.89, na kila hedifoni hupata miliwati 24.7. Nguvu imeongezeka mara nne, ambayo ni sawa na desibeli 6. Faida hii imepatikana kwa sababu kikuza sauti kinaweza kutoa mkondo mwingi bila volteji yake kuanguka.

Mwanafunzi aangalie jambo moja. Nguvu ikiongezeka mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Na ili sikio lihisi kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitajiwa nguvu mara 10 hivi, yaani desibeli 10. Sikio halihesabu kama mita ya umeme.

Mahali kinapofaa na mahali kisipofaa

Kikuza sauti hufaa katika hali tatu. Kwanza, hedifoni kadhaa zinapotumia chombo kimoja, kama tulivyokwisha kuona. Pili, hedifoni zenye ukinzani mkubwa, kwa mfano omu 300, zinapounganishwa na simu. Volti 1 huzipa miliwati 3 hivi tu, na hapo kikuza sauti kinachoongeza volteji huleta tofauti. Tatu, kipindi kilichorekodiwa kwa sauti ndogo mno kinapohitajiwa kusikika.

Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Sauti kubwa si lazima iwe sauti safi. Kikuza sauti hukuza kila kinachoingia: maneno ya mwalimu, mkwaruzo wa kinasa sauti na mngurumo wa umeme pia. Maneno yaliyorekodiwa kwa mikwaruzo yatatoka na mikwaruzo mikubwa zaidi.

Hali kadhalika kwa redio ya FM. Mawimbi yake husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, hivyo vilima vya Kibondo na Kasulu huweza kuyakinga yasifike bondeni. Msikilizaji aliye nyuma ya kilima akisikia mchakato, dawa yake si kikuza sauti, bali ni kupandisha antena au kuhamia mahali palipoinuka. Zaidi ya hayo, simu nyingi zenye redio hutumia waya wa hedifoni kuwa antena. Ukiweka kikuza sauti kwa waya mfupi, umeifupisha antena pia, na huenda ukapata sauti mbaya kuliko ya kwanza.

Taratibu za kukitumia

1. Punguza sauti ya kikuza sauti hadi mwisho kabla ya mtu yeyote kuvaa hedifoni.
2. Weka sauti ya simu kwenye robo tatu hivi. Ikiwa ndogo mno, kikuza sauti kitakuza mchakato. Ikiwa kubwa mno, maneno yanaweza kupasuka.
3. Pandisha sauti ya kikuza sauti polepole mpaka maneno yasikike wazi, kisha uache hapo.
4. Ukisikia mngurumo simu inapochajiwa, ichomoe kwenye chaja. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, na miji yake ilipata umeme wa mitambo ya dizeli; waliotumia redio kwa betri wakati huo walikuwa na faida hii moja, kwamba betri haina mngurumo wa jenereta.

Tahadhari ya masikio

Chembe za sikio la ndani zinazopokea mitetemo zikifa, hazioti tena. Shirika la Afya Duniani limeshauri kuwa mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kwa watoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila sauti inapopanda desibeli 3, muda wa salama hupungua kwa nusu. Hedifoni nyingi hutoa desibeli 100 hivi kwa miliwati 1 tu. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja mwenye hedifoni moja ya omu 32 na kipindi kilichorekodiwa vizuri hahitaji kikuza sauti kamwe. Simu yake pekee ina nguvu ya kutosha kumdhuru.

Mvua ikizidi, mwalimu asishindane nayo kwa kupandisha sauti. Afadhali asimamishe kipindi, aandike maneno magumu ubaoni, na kuendelea mvua ikipungua.

Maswali ya kujipima

1. Rudia hesabu yetu kwa hedifoni nane za omu 32. Kila moja itapata nguvu kiasi gani bila kikuza sauti, na kiasi gani kikiwapo?
2. Kwa nini kikuza sauti kisichoongeza volteji kinaweza hata hivyo kuongeza nguvu?
3. Ikiwa desibeli 80 zaruhusiwa kwa saa 40 kwa juma, desibeli 89 zitaruhusiwa kwa saa ngapi?
4. Mwanafunzi wa bondeni alalamika kuwa redio yake ya FM ina mchakato. Mweleze hatua utakazochukua, na sababu ya kila hatua.