SOMO LA AFYA: Kabla ya kushika sindano



Ninapopita kwenye bloku kufanya uhamasishaji, vijana huniuliza swali moja mara nyingi: "Ndugu yetu aliyehamishiwa Marekani ametutumia picha. Anafanya kazi kwenye ambulansi na anawawekea watu dripu. Yeye si daktari wala muuguzi. Alisoma nini?"

Ni swali zuri. Leo tutalijibu, halafu tutaona linatufundisha nini sisi hapa kambini. Lakini tuelewane kwanza: somo hili si tangazo la safari. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hakuna kozi inayompa mtu nafasi ya kuhamishwa. Mtu akikuuzia "kozi ya kwenda Marekani", anakula pesa yako.

KAZI HII ILIANZAJE?

Hadi miaka ya 1960, katika miji mingi ya Marekani mgonjwa wa ghafla alibebwa na gari la polisi au gari la kubebea maiti. Waliombeba hawakujua kutibu. Kazi yao ilikuwa kumfikisha tu, na wengi walifia njiani.

Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh, ilianzishwa huduma ya ambulansi iliyoitwa Freedom House. Daktari Peter Safar, aliyezaliwa Austria, alisimamia mafunzo ya watu weusi wa mtaa maskini wa Hill District. Wengi wao hawakuwa na kazi, na wengine hawakuwa wamemaliza sekondari. Walisoma masaa yapatayo 300 kabla ya kuaminiwa na mgonjwa. Wakawa miongoni mwa watu wa kwanza nchini humo kutoa matibabu ya kweli ndani ya ambulansi. Huduma yao ilifungwa mwaka 1975, lakini mafunzo yao yalisaidia kutengeneza masomo ya nchi nzima.

Tukumbuke jambo hili: watu waliodharauliwa waliweza. Waliweza kwa sababu walifundishwa hatua kwa hatua, bila kuruka.

NGAZI NNE

Leo kazi hiyo ina ngazi nne kule Marekani.

1. Mwokoaji wa kwanza: anazuia damu, anafungua njia ya hewa na kusukuma kifua moyo uliposimama.

2. Mhudumu wa msingi, anayeitwa EMT: anatoa oksijeni, anafunga mfupa uliovunjika, anasaidia mama anayejifungua njiani. Miongozo ya taifa ya mwaka 2009 ilikadiria masomo ya masaa 150 hadi 190.

3. Mhudumu wa ngazi ya juu, anayeitwa AEMT: huyu ndiye anayeruhusiwa kuweka dripu na kutoa baadhi ya dawa, kama adrenalini na sukari ya mshipani.

4. Paramediki: anasoma zaidi ya masaa 1,000, anasoma mapigo ya moyo kwenye mashine na kutoa dawa nyingi zaidi.

ILI KUFIKA NGAZI YA TATU UNATAKIWA NINI?

a) Kwanza uwe na cheti cha ngazi ya pili. Mtu hawezi kuanzia kwenye sindano.

b) Kusoma kozi ya AEMT. Miongozo ile ya 2009 ilikadiria masaa 150 hadi 250, juu ya yale ya ngazi ya pili.

c) Kufanya mazoezi kwa wagonjwa wa kweli, hospitalini na kwenye ambulansi, huku msimamizi akiwa pembeni.

d) Kuonyesha chuoni kwamba mikono yako inajua kazi, kisha kufaulu mtihani wa taifa. Tangu Julai 2024 mtihani huo ni wa kompyuta, na hupima kama unajua kuamua, si kukariri tu.

e) Kupata leseni ya jimbo unalofanyia kazi. Kila jimbo lina sheria zake.

f) Kufanya kazi chini ya daktari msimamizi. Dawa ambayo hukuruhusiwa, huigusi.

g) Kuhuisha cheti cha taifa kila miaka 2, kwa kawaida kwa masaa 50 ya masomo ya kuendelea.

KWA NINI MASOMO MENGI HIVYO?

Wengi tunaamini dripu (wengine tunaiita serumu) ni dawa ya kila ugonjwa. Mgonjwa asipowekewa, tunasema hakutibiwa.

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000. Walikuwa na homa kali na damu yao haikuzunguka vizuri. Wengine waliwekewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakuwekewa kwa haraka hivyo. Ndani ya siku mbili, katika kila watoto 100 waliowekewa kwa haraka walikufa kama 10 au 11. Katika wale wengine walikufa kama 7. Na hao walikuwa mikononi mwa madaktari!

Hii haimaanishi dripu ni mbaya. Mtoto aliyekauka sana kwa kuhara anaweza kuokolewa nayo, na muuguzi wa kituo akisema inahitajika, mkubalie. Maana yake ni kwamba kutoboa mshipa ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kujua nani apewe, nani asipewe, kiasi gani na kwa kasi gani. Zaidi ya hapo, sindano chafu huleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

YALIYONIPATA MIMI

Usiku mmoja mama jirani alinigongea mlango. Mtoto wake alikuwa na homa tangu asubuhi na sasa amelegea. Mkononi alishika chupa ya dripu na sindano alizonunua sokoni. "Mwanangu, wewe ni mtu wa afya. Umeona wakiweka. Weka."

Nilimjibu, "Mama, kuona si kujua. Twende kituoni sasa hivi." Alikasirika sana. Alisema najivuna. Tukambeba mtoto kwa zamu, mimi na mjomba wake. Muuguzi alipompokea hakukimbilia dripu. Alimtoboa kidole kwanza, akapima malaria na sukari. Sukari ilikuwa imeshuka sana. Akampa sukari, kisha dawa ya malaria. Asubuhi mtoto aliomba uji.

Mimi nisingeijua ile sukari. Ningeanza na mshipa, na dakika zingepita.

HAPA KWETU TUFANYE NINI?

Ngazi ya kwanza ni ya kila mtu. Jifunze haya:

- Damu inatoka sana: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie.
- Mtu ana degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni.
- Mtoto anahara: mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Kama hakuna, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawasawa bila kujaza juu. Endelea kumnyonyesha.
- Mtoto amelegea, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu: mkimbize kituoni, hata usiku.
- Usikubali sindano wala dripu nyumbani kwa mtu, hata kama wanamwita "dokta".

Nanyi vijana mnaotamani kazi hii, anzieni chini. Ombeni kufundishwa huduma ya kwanza, someni sayansi shuleni, jitoleeni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE BLOKU

1. Kwa nini AEMT lazima apitie ngazi ya pili kwanza?
2. Muuguzi alipima nini kabla ya kumtibu mtoto?
3. Bloku yetu ikipata mgonjwa usiku, nani atambeba, na kwa njia ipi?

Swali la tatu lijibiwe leo, kabla mgonjwa hajapatikana.