Shabu haimtulizi mwanaume

SWALI: Daktari, nina miaka 29, nauza nguo za mtumba Mbagala. Huyu ni mwanaume wa tatu kuishi naye, na wote watatu wamenipiga. Shoga yangu anasema nyota yangu imechafuka, tena nimelegea baada ya kuzaa, ndiyo maana mwanaume hatulii. Kanipa shabu na dawa ya unga ya kuweka ukeni. Huu mwezi wa pili, nikikojoa nasikia moto, na kipigo kiko palepale. Niongeze dozi au nibadilishe dawa?

JIBU: Mdogo wangu, usiongeze wala usibadilishe. Acha leo.

Wenye shida kama yako wakiingia chumbani kwangu hawasemi wanapigwa. Wanasema wana “U.T.I. sugu”. Wameshameza antibayotiki za duka la dawa hadi zimewachosha. Tukiwa katikati ya maongezi simu inaita: bwana anataka kamera iwashwe aone mkewe yuko na nani. Hapo ndipo naanza kuelewa ugonjwa wenyewe.

Shabu ni chumvi yenye alumini, ileile ambayo vinyozi hupaka kidevuni kukata damu. Huko kubana unakokusikia ni ngozi laini iliyokauka na kusinyaa. Ukikutana na mwanaume katika hali hiyo unachubuka, na michubuko ni mlango wa maambukizi, VVU vikiwemo. Unga wa shoga yako siujui una nini, na naona hata yeye hajui. Kuhusu kulegea, uke hutanuka wakati wa kuzaa na kwa kiasi kikubwa hujirudi. Kama mkojo unakuchoroka ukicheka au ukikohoa, kuna mazoezi ya misuli ya nyonga, uliza kliniki.

Kinachonichosha ni imani iliyo nyuma ya hiyo dawa. Anayepiga ni yeye, anayetiwa dawa ni wewe! Hakuna mwili wa mwanamke, uwe umebana au umelegea, unaoinua mkono wa mwanaume. Lakini tumelelewa kuamini hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania wakikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Na huku Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu.

Mbona basi wamekuwa watatu? Si nyota. Kumbuka walivyoanza. Nadhani wote walikuwa na haraka: wiki chache tu mmehamiana, namba ya siri ya simu ameshaitaka, shoga zako hawapendi, biashara anakuambia ufunge kwa kuwa “nitakulea”. Ukaona ni mapenzi, maana tumefundishwa kwamba asiye na wivu hapendi. Halafu baada ya kipigo kinakuja kitenge, chipsi kuku na machozi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, aliueleza mzunguko huo mwaka 1979: presha inapanda, kipigo, kisha msamaha mtamu. Utamu huo ndio unaokurudisha. Na aliyekua akimwona mama yake anapigwa, mara nyingi moyo wake umeshazoea na haushtuki mapema.

Sikulaumu, kosa la kipigo ni la mpigaji. Ila kujithamini hakuji kwa kujiambia maneno mazuri mbele ya kioo. Kunaanza na “hapana” ndogo. Siku ukikutana na mwingine, mkatalie jambo dogo mapema: simu sikupi, kesho siji, kikoba siachi. Mwangalie anavyolipokea. Akinuna siku tatu au akianza kukutukana, umeshapata jibu kabla hujahamisha godoro. Jaribio hili usilifanye kwa huyu uliye naye sasa. Anayepiga akihisi unaondoka, hatari huongezeka. Kwanza kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto na akiba kidogo vikae kwa mtu unayemwamini, na mtu huyo ajue mpango wako.

Sasa nitakuwa mkali, maana miezi miwili ya moto kwenye mkojo ni mingi mno. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya upimwe mkojo, magonjwa ya ngono na VVU. Usijisafishe ndani kabla ya kwenda. Mwambie mhudumu kuhusu shabu na kuhusu kipigo, vyote viwili. Mkienda wawili, bwana akae nje. Omba pia kuonana na afisa ustawi wa jamii au mtaalamu wa saikolojia. Kama usingizi umepotea, au umewahi kuwaza afadhali ufe, nenda leo.

Akikulazimisha ngono, dawa ya kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Kila saa unayochelewa inapunguza kinga. Akikukaba shingo, fika hospitali siku hiyohiyo hata kama hakuna alama. Mishipa ya shingo huweza kuumia kimyakimya, kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye, na mwanaume aliyekukaba mara moja ni hatari zaidi kuliko aliyekupiga kofi. Fomu ya polisi ya matibabu, PF3, utaipata kituoni, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, lakini ukiwa na dharura anza na matibabu, fomu itafuata. Hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono zina daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, kwa hiyo hulazimiki kusimulia mlango kwa mlango. Ulizia kilicho karibu nawe hapohapo kesho ukienda kupima.